Usimpe mama hivyo vidonge vya UKIMWI, siku zinakwenda

Dada, weka hivyo vidonge chini. Umeandika mama amepimwa akakutwa na korona, leo ni siku ya tatu tangu aanze kukohoa, na jirani yenu hapo Ohio amewapa Kaletra zilizobaki, yaani hivyo vidonge vya UKIMWI. Unauliza ameze vingapi, kabla au baada ya kula, na kama tangawizi ina madhara. Jibu langu ni moja: usimpe!

Mwaka 2022 baba mkubwa tunayeishi naye hapa Marekani alishikwa na korona, na ana presha na sukari. Kwenye grupu letu la WhatsApp kuna bwana anajiita daktari. Akatuma picha ya boksi la Kaletra na la Paxlovid, dawa ya korona, kote amezungushia wino mwekundu neno ritonavir: "Dawa ni ileile." Tukamwamini, tukampa mzee Kaletra. Na msitucheke, mzee akihema usiku kucha hata nyie mngemwamini muuza mitumba.

Ritonavir haipigani na korona! Kazi yake ni kulizuia ini lisiivunje haraka dawa inayokwenda nayo. Kwenye Paxlovid inakwenda na nirmatrelvir, iliyoundwa kubana kimeng'enya ambacho korona inakitumia kuzaliana. Kwenye Kaletra ni lopinavir, iliyoundwa kwa kimeng'enya cha virusi vya UKIMWI. Na hiyo Kaletra walishaijaribu kwa wagonjwa wa korona Wuhan, wakaijaribu Uingereza, WHO nao wakaisimamisha kwenye majaribio yao Julai 2020 kwa kuwa haikupunguza vifo. Yule bwana alijua kuchora duara, kusoma hakusoma. Mpaka leo yumo kwenye grupu anagawa dozi.

Tulipofika kliniki, swali la kwanza: "Dalili zilianza lini?" Paxlovid huanzwa ndani ya siku tano. Siku zetu zilikuwa zimeishia kwenye Kaletra. Baba mkubwa akalazwa, mipira ya oksijeni puani, akatundikiwa dripu ya remdesivir, dawa nyingine ya virusi. Alitoka hai, ila ngazi za nyumbani anazipanda kwa kusimama katikati ashike ukuta.

Wewe bado una siku mbili. Piga simu kliniki sasa hivi, sema dalili zilianza lini, kisha wasomee dawa zote anazomeza mama, moja moja kutoka kwenye vichupa. Hiyo simvastatin yake ya kolesteroli uitaje ya kwanza, maana na ritonavir haziendi pamoja, inaweza kupanda mwilini hadi kuharibu misuli. Wakishakujibu, rudi hapa utuambie.