CBA Bila Usajili wa Korti: Maswali ya Watumishi wa Umma Kenya

Chama chetu cha wauguzi kilitia saini CBA (mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri) na kaunti, lakini mishahara haijabadilika. Mwajiri anasema mkataba haujasajiliwa. Ni kisingizio?

Kisheria ana hoja, ingawa jukumu la kuusajili ni lake. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Mahusiano ya Leba ya 2007 kinataka mkataba ufikishwe Mahakama ya Ajira na Leba ndani ya siku 14 tangu kukamilika, na anayeuwasilisha ni mwajiri. Akinyamaza, chama kinaruhusiwa kuuwasilisha chenyewe. Kabla ya usajili, korti haiwezi kumlazimisha alipe.

Madaktari waliyaonja haya. Chama chao, KMPDU, na Wizara ya Afya walitia saini CBA Juni 27, 2013, kisha serikali ikaukana mkataba kwa kuwa haukusajiliwa. Mgomo ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100. Viongozi wa chama walitupwa jela Februari 2017, na walioumia zaidi ni wagonjwa wasiomudu hospitali za kibinafsi. Yote hayo kwa mkataba uliokuwa umetiwa saini tayari! Muulizeni katibu wenu nambari ya usajili. Asipokuwa nayo, anzieni hapo.

Tumeshakubaliana na mwajiri. Tume ya Mishahara (SRC) inaingiliaje?

Kupitia kifungu cha 230 cha Katiba. SRC hupanga mishahara ya maafisa wakuu wa dola na kushauri kuhusu ya watumishi wengine wa umma. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba ushauri huo unamfunga mwajiri, ikafuta nyongeza ya asilimia 50 hadi 60 waliyokuwa wamepewa walimu. Vyama vina haki ya kulalamika: kifungu cha 41 kinalinda majadiliano ya pamoja, ilhali mwenye kauli ya mwisho kuhusu pesa hayupo mezani.

Lakini ndivyo ilivyo kwa sasa. Mwajiri huomba ushauri wa SRC kabla ya mazungumzo kuanza, kisha huirudishia rasimu kabla ya kutia saini. Dai nakala za barua zote mbili. Chama kinachojadiliana bila kuona barua ya kwanza huishia kushangilia kiwango kitakachokataliwa.

Nikijiondoa chamani, nitakosa nyongeza?

La. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Mahusiano ya Leba kinaufanya mkataba umfunge mwajiri na wafanyakazi wote wanaostahili kuwa chini ya chama, wawe wanachama au la. Asiye mwanachama anaweza kukatwa ada ya uwakala (malipo kwa chama kwa kumwakilisha), waziri akiidhinisha. Kujiondoa ni kwa barua kwa mwajiri, na makato hukoma mwezi unaofuata.

Hata hivyo, mwaka 2019, baada ya hukumu ya korti, Tume ya Kuajiri Walimu (TSC) iliwanyima wanachama wa chama cha walimu cha KNUT nyongeza za CBA ya 2017-2021. Walimu wakakimbia: chama kilichokuwa na zaidi ya 180,000 kilibaki na chini ya 30,000. Mwajiri akiweza kuamua nani apate nyongeza kulingana na chama chake, anaweza kuua chama bila kukipiga marufuku.

Ilani ya siku 7 inatosha kuanza mgomo?

Haitoshi peke yake. Kwanza mzozo uripotiwe kwa Waziri wa Leba, apatikane mpatanishi, na upatanishi ushindikane: ama mpatanishi atoe cheti, ama siku 30 ziishe. Ndipo ilani ya maandishi iende kwa mwajiri na kwa waziri. Ukiruka hatua, mwajiri hupata amri ya kusitisha mgomo haraka, na atakayekaidi anaweza kuadhibiwa kazini.

Mshahara wa siku za mgomo haulipwi, hata mgomo ukiwa halali. Anayetaka ulipwe ahakikishe jambo hilo limeandikwa kwenye makubaliano ya kurejea kazini.

Polisi wanaweza kuunda chama?

Si chini ya Sheria ya Mahusiano ya Leba ya 2007: haiwahusu polisi, magereza wala jeshi.