Asali kugoma kwenye chujio asubuhi za Juni

Dada, umeuliza kwa nini asali yako ya Sikonge inachujika vizuri mchana lakini asubuhi hizi za baridi inagoma, na kama ukiibandika jikoni utaiharibu.

Asali ni nzima. Kwenye baridi molekuli hupungukiwa nguvu ya kupishana, kwa hiyo mnato, yaani uzito wa kutiririka, unapanda. Hata maji yako hivyo: kwa nyuzi 20 mnato wake ni karibu mara mbili ya ule wa nyuzi 50, ila kwa macho huoni. Asali, ambayo takriban asilimia 80 ni sukari, hubadilika zaidi: ikipanda kutoka nyuzi 20 hadi 30, mnato hushuka hadi chini ya nusu ya ulivyokuwa.

Jikoni moja kwa moja, hapana. Weka ndoo ndani ya sufuria ya maji ya nyuzi 40 hivi, halafu koroga taratibu, maana joto huingia asali kivivu na ya pembeni itapata moto kabla ya katikati kulainika. Joto kali huzidisha HMF, kemikali ambayo wanunuzi wa nje huipima. Kiwango cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kwa asali ya nchi za joto hakizidi miligramu 80 kwa kilo.

Na ile asali inayotuama chini ya glasi ukiitia kwenye maji baridi ya kunywa? Sababu ni hiyohiyo, molekuli za sukari husambaa polepole. Tumia maji ya uvuguvugu.

Ukiona chengachenga, hiyo imeganda kweli. Iache ndani ya ndoo kwenye sufuria ile ya maji ya nyuzi 40 kwa saa kadhaa.