Anasikia Kijaluo, anasikia Kikuyu

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Ndani ya nyumba yako, ni kitu gani kinakupa matumaini siku hizi?" Nilidhani nitajibu kwa sentensi mbili, na sasa sufuria ya maharagwe imeshika chini kwa sababu yenu. Jibu langu ni binti yangu wa miaka tisa, na hasa masikio yake.

Mimi ni Mkikuyu wa Njoro. Mume wangu ni Mjaluo wa Siaya. Tunaishi Nakuru. Msomaji wa Kenya ameshaelewa, lakini kwa walio mbali niseme kidogo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini na mamia ya maelfu wakayahama makwao. Nakuru ililipuka wiki ya mwisho ya Januari 2008. Wajaluo wengi waliofukuzwa walikimbilia uwanja wa Afraha. Wakikuyu wengi waliotimuliwa kwingine Bonde la Ufa walijaa Showground, uwanja wa maonyesho. Binamu ya mume wangu alilala Afraha. Mjomba wangu alilala Showground. Mji ule ule, mvua ile ile. Mimi na mume wangu tulikuwa hatujajuana bado, na pengine ni heri.

Mjomba husimulia kwamba kwenye vizuizi vya barabarani vijana walidai kitambulisho, na kama jina halikutosha, walikusemesha. Ulimi wako ndio uliosema wewe ni wa nani. Hilo nimekuwa nikilifikiria kila mara mtu anaponisifu kwamba watoto wa lugha nyingi huwa na akili darasani. Labda. Mimi sikuwafundisha wanangu kwa ajili ya alama.

Tena kusema kweli sikuwafundisha mimi. Nyumbani tunaongea Kiswahili, shuleni ni Kiingereza, na Sheng waliiokota mtaani bila kumlipa mtu karo. Kikuyu kililetwa na mama yangu, aliyekuja kunisaidia nilipojifungua akakaa miaka miwili, mtoto mgongoni, na hana subira na Kiswahili. Kijaluo ni cha mama mkwe. Kila Agosti na Desemba binti alipandishwa matatu na baba yake kwenda Siaya, akarudi mweusi wa jua na maneno mapya.

Kliniki moja hapa mjini niliambiwa nichague lugha moja, la sivyo mtoto atachanganyikiwa. Nikalala na hofu hiyo wiki nzima. Na kweli alichanganya. Akiwa na miaka mitatu alisimama mlangoni pa jikoni akasema, "Nataka iria, si pi!" Iria ni maziwa kwa Kikuyu, pi ni maji kwa Kijaluo, na hasira ilikuwa ya kwake mwenyewe. Lakini nilipoangalia vizuri nikagundua hakuwa amepotea popote. Maneno aliyapanga kwa sura za watu. Hakujua kwamba kuna kitu kinaitwa Kijaluo au Kikuyu. Kwake kulikuwa na lugha ya dani, yaani bibi yake wa Siaya, na lugha ya cũcũ, yaani mama yangu, kama vile kuna kiti cha dani na shuka la cũcũ.

Baadaye mwalimu wa Kiswahili alimwambia atunge sentensi yenye "neno". Kwa Kijaluo, neno ni kuona. Akaandika: "Mimi naweza neno mbali." Mwalimu akapiga alama ya kosa. Daftari hilo nimelificha kabatini, siku moja nitamwonyesha mchumba wake.

Mimi nilisoma enzi za kibao. Ukikamatwa unaongea Kikuyu uwanjani, unavalishwa kibao shingoni, nawe unazunguka ukitega sikio mpaka umpate mwenzako wa kumvisha. Jioni wote waliokivaa hupangwa foleni ya viboko. Tulifunzwa Kiingereza, ndiyo, na pia tulifunzwa upelelezi. Siku hizi Katiba ya 2010, ibara ya 7, inaiagiza serikali ilinde lugha zetu za asili, na mtaala mpya unasema gredi ya kwanza hadi ya tatu wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Kwenye karatasi. Wazazi wa mtaa wetu bado huuliza kwanza kama shule "inaongea Kiingereza".

Sasa nije kwenye matumaini yenyewe.

Krismasi moja tulikuwa Siaya, jikoni, wanawake sita na moshi. Mimi Kijaluo changu ni cha salamu na cha kununua omena. Shangazi mmoja wa mume wangu alisema jambo huku akigeuza kuon, yaani ugali, kwenye sufuria, wenzake wakacheka kwa pua. Nilishika maneno mawili tu, "nyar okuyu", binti wa Wakikuyu, yaani mimi. Binti yangu, wakati huo ana miaka sita, alikuwa chini kwenye mkeka akichambua mboga. Hakuinua hata uso. Akasema, "Awinjo." Ninasikia.

Jikoni pakanyamaza. Nilichosikia ni kuon likipumua tu. Baadaye aliniambia shangazi alikuwa akisema kwamba mke Mkikuyu huhesabu vipande vya nyama kabla ya kupakua. (Ni kweli nilihesabu. Wageni walikuwa kumi na wanne.)

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya kwetu. Njoro, sebuleni, chai ya saa kumi. Mjomba wangu, yule yule wa Showground, mzee wa kanisa, alisema kuhusu mume wangu lile neno ambalo wanaume wa kwetu humtupia Mjaluo, kihii, asiyetahiriwa, neno ambalo tumelisikia hata likirushwa kwenye mikutano ya siasa. Mume wangu alikuwa nje anaangalia ng'ombe. Binti akasema, "Nindaigua." Nimesikia. Halafu, kwa sauti safi ya mtoto anayetaka kujua, akauliza kwa Kikuyu: kihii ni nini?

Mjomba aliweka kikombe chini. Mama yangu akakumbuka ghafla kwamba kuna kuku hajafungiwa. Hakuna aliyemjibu mtoto, na tangu siku hiyo neno hilo halijatamkwa mbele yetu. Akiwa na wazee wenzake sijui anasema nini. Lakini sebule ile imefungwa kwa neno lile, na aliyeifunga ni mtoto wa miaka saba mwenye biskuti mkononi.

Ndiyo maana nasema yeye ni hasara kwa ukoo, pande zote mbili. Amewanyang'anya lugha ya kusengenyea.

Sitaki kutia chumvi. Rwanda mwaka 1994 walikuwa wote wanaongea Kinyarwanda, na hakikuwasaidia. Hapa Nakuru wapo waliochoma nyumba za majirani ambao lugha yao waliijua tangu utotoni. Kujua maneno peke yake si kinga. Tofauti ninayoiona kwa binti yangu ni kwamba Kijaluo kwake kina harufu ya dani, na Kikuyu kina mgongo wa cũcũ. Akisikia tusi katika lugha moja, anajua linamwangukia nani hasa. Na pia si kila mtoto anakubali. Mdogo wake wa miaka mitano anaelewa Kijaluo chote lakini anajibu kwa Kiswahili, kamwe hajibu vingine. Baba yake linamuuma. Dani anasema tumwache, njaa itamfundisha.

Mwezi uliopita dani aliletwa Nakuru kutolewa mtoto wa jicho. Cũcũ akaja kumwona na chupa ya uji wa wimbi. Mabibi hawa wawili Kiswahili chao ni cha soko: bei gani, punguza, haya. Binti akaketi katikati yao kitandani, jicho moja la dani limefungwa bandeji, akawa mkalimani.

Cũcũ alianza, na akiwa ameanza hanyamazi. Nilimsikia vizuri: mwambie amekonda kama fimbo, kwani huko Siaya hawali, na huyo mwanawe mbona hakumleta mapema, anangoja mama apofuke, na uji huu aunywe wote asiwape wageni. Binti akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia dani akasema maneno kama manne hivi kwa Kijaluo.

Dani akamtazama cũcũ kwa jicho lake moja, akamtazama mjukuu. Nikamwuliza binti baadaye dani alisema nini hapo. Aliuliza mbona yule amesema mengi hivyo nawe umesema kidogo.

"Ukamjibu vipi?"

"Nilimwambia Kikuyu ni kirefu."