Fundi anataka laki moja na nusu kuzibua bomba la jikoni: nimpe?

SWALI: Fundi, asalaam aleykum. Nina nyumba Ngamiani hapa Tanga, ina wapangaji wanne wanaotumia jiko moja na bafu moja. Mwezi uliopita maji ya sinki yaligoma kushuka. Fundi wa kwanza akamimina soda kali, akachukua 20,000, maji yakaenda. Siku ya tisa yakagoma tena, na sasa mtu akiosha vyombo maji yanafumuka kwenye tundu la bafuni. Choo hakina shida, kinapeleka vizuri, na vyote vinaishia shimo moja uani. Fundi wa pili amekuja, ametazama mlangoni tu, anataka 150,000 avunje sakafu ya ukumbi. Hiyo ndiyo bei? Na wapangaji wachangie?

JIBU: Waaleykum salaam, dada yangu. Usimpe bado. Sisemi kwamba anakuibia, maana kuvunja zege, kubadilisha bomba na kurudisha sakafu ni kazi ya siku nzima au zaidi, na kwa kazi hiyo laki moja na nusu ya ufundi peke yake si pesa ya kushangaza. Ninachokataa ni kupanga bei ya kuvunja kabla ya kujua bomba limeziba wapi. Kwenye kuzibua, pesa inafuata mahali ulipo uchafu.

Tuanze na dalili ulizozitaja, zinasema mengi. Choo kinapeleka na kinaishia shimo hilohilo, kwa hiyo shimo halijajaa. Hutahitaji gari la kunyonya, hapo umeshaokoa pesa. Maji ya sinki yanatokea bafuni, maana yake sinki na bafu vimeungana mahali fulani chini ya sakafu, na uchafu uko mbele ya maungio hayo. Maji hayana pa kwenda, yanatafuta tundu la chini kuliko yote, nalo ni la bafuni. Ingekuwa tatizo liko kwenye lile bomba lililopinda chini ya sinki, bafu lingebaki kavu.

Sasa toka uani utafute chemba, lile shimo dogo la tofali lenye mfuniko wa zege ambamo bomba la jikoni na bafu linapitia kabla ya kufika shimo kubwa. Funua mfuniko, mwambie mtu amwage ndoo ya maji kwenye sinki, wewe utazame. Chemba ikiwa pakavu, uchafu uko kati ya nyumba na chemba. Ikiwa imejaa maji yaliyotulia, uchafu uko kati ya chemba na shimo kubwa, na hapo huna sababu ya kugusa sakafu ya ukumbi: kilicho juu ya bomba ni udongo wa uani, unachimbwa kwa jembe. Jambo hili linachukua dakika kumi na halina gharama. Fundi aliyetazama mlangoni alipaswa kulifanya mwenyewe.

Hata chemba ikiwa pakavu, bado hatuvunji. Tunaingiza waya wa springi kutoka chembani kurudi ndani, tunauzungusha. Ukigota, natia alama ya utepe pale unapoingilia bombani, nauvuta, naulaza juu ya sakafu kufuata njia ya bomba. Ncha inaponiishia ndipo uchafu ulipo. Kisha natazama ncha imekuja na nini. Ikija na utando mweupe unaoteleza, ni mafuta. Ikija na nyuzi nyeusi, ni mizizi. Ikija na udongo au mchanga, na kila ukirudisha unagota palepale, hapo bomba limepasuka au jointi imeachia, na hapo tu ndipo ninapokubali kuvunja. Tena ninavunja vigae viwili au vitatu juu ya alama yangu, ukumbi wote unabaki salama.

Kwa nyumba yako mimi nahisi mafuta na machicha. Wapangaji wanne, jiko moja, nazi kila siku. Machicha yanayobaki kwenye mbuzi na kwenye chujio yanasuuzwa sinkini, mafuta ya kukaangia samaki yanamwagwa juu yake, na mchanga wa kusugulia sufuria unakuja kuyapa uzito. Nimewahi kuvuta bonge la namna hiyo kwenye nyumba moja Makorora: refu kama mkono wangu hadi kiwiko, jeupe, gumu kama mche wa sabuni, ukilivunja unaona machicha ndani kama nyuzi za usufi. Soda kali hailitoi bonge kama hilo. Inatoboa kitundu katikati, maji yanapita wiki moja, kisha mafuta mapya yanaziba kitundu. Siku zako tisa ndizo hizo.

Na soda yenyewe, nakuomba sana, usiiache mikononi mwa wapangaji. Ikikutana na maji inachemka, inaunguza ngozi na inapofua macho. Mtu akiimwaga bomba limeziba, inabaki imesimama humo, na fundi anayekuja baadaye kuingiza mkono hajui. Mwenzangu mmoja alirushiwa nayo usoni kwa njia hiyo. Alipona kwa kuoshwa maji mengi papo hapo. Kwa hiyo mwambie fundi yeyote utakayemwita kwamba soda ilitiwa. Usichanganye dawa ya madoa ya klorini na tindikali ya kuoshea vyoo, mchanganyiko huo unatoa hewa ya sumu ndani ya bafu dogo. Maji yanayotokota nayo si dawa, bomba za plastiki zinalainika na jointi zinalegea. Maji ya moto ya kuogea yanatosha.

Bei sasa. Hizi ni zangu mimi hapa mjini, fundi mwingine atakuwa na zake. Sinki peke yake, kufungua lile pindo na kulisafisha, 15,000. Bomba la ndani hadi chemba kwa waya, 30,000 hadi 40,000. Kutoka chemba hadi shimo kubwa, 50,000 hadi 80,000 kwa urefu wa njia, kwa kuwa nakwenda na msaidizi. Kuvunja sakafu tunakubaliana upya, na vifaa unanunua mwenyewe dukani ukiwa na karatasi ya vipimo niliyokuandikia. Kwa dalili zako, kazi hii ni ya 40,000. Ikifika 80,000 iwe kwa sababu umeonyeshwa kitu kwa macho yako.

Unapopatana, tenganisha pesa ya kuja kutazama, pesa ya kuzibua na pesa ya kuvunja. Fundi anayekupa jumla moja kwa yote hayo, akizibua kwa dakika ishirini atabaki na pesa ya zege ambalo hakulivunja. Mwulize pia akirudi ndani ya wiki mbili kwa tatizo lilelile utalipa tena au la. Mimi nikirudi pale pale sitozi.

Kazi ikiisha, usilipe mpaka umejaribu. Jaza ndoo tatu za lita 20, zimwagwe kwa mfululizo, moja sinkini na mbili bafuni, wewe ukiwa chembani. Maji yafike upesi na yasipande. Yakija taratibu yakisuasua, bonge limetobolewa tu, halijatoka. Kama bomba ni safi na maji bado yanakawia, basi halina mteremko. Kwa bomba la inchi 4 tunataka ushuke kama sentimita mbili na nusu kwa kila mita, na nyumba nyingi za zamani zilizoongezwa vyumba hazina hata nusu ya hapo. Hilo ni la kurekebisha siku utakapokuwa na pesa ya kuvunja kwa mpango.

Jambo moja la kufa na kupona: asiingie mtu ndani ya shimo kubwa, awe fundi, kijana wa mtaani au mwanao, hata kwa dakika moja kuokota kitu. Hewa ya mle inaangusha mtu kabla hajapiga kelele, na anayemfuata kumwokoa anaanguka naye.

Kuhusu wapangaji: pindo la sinki likiziba kwa machicha, wachangie, na uweke wavu wa tundu la sinki na kopo la kumwagia mafuta machafu, kisha uwaeleze wote wanne siku moja. Bomba la chini ya sakafu, mizizi na mteremko ni juu yako mwenye nyumba. Safari hii, kwa kuwa uchafu uko chini ya sakafu na huwezi kujua ni wa nani kati ya wanne, lipa wewe.