Maswali ya Wasomaji: Nighani kwa Kipali au kwa Kiswahili?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanamke wa miaka 34, ninauza vitenge Kariakoo na ninaishi Tabata pamoja na shangazi yangu. Kwa mwaka mmoja na nusu sasa nimekuwa nikifuata mafundisho ya Buddha. Kila alfajiri, kabla sijatoka kwenda dukani, huketi chumbani nikaghani kwa Kipali, lugha ya kale ya maandiko ya Kibuddha, maneno ya heshima, ya kimbilio na ya kanuni tano za maadili, nikiyafuatiza kutoka kwenye simu. Maana yake ninaijua kwa juu juu tu. Mwezi uliopita nilijitafsiria yote kwa Kiswahili nikajaribu kuyasoma, lakini nikajiona kama ninayesoma tangazo la serikali ya mtaa, na utulivu niliouzoea haukuja. Rafiki yangu ninayekwenda naye hekaluni ananiambia kuwa Kipali ndicho chenye baraka na tafsiri haina nguvu. Shangazi, ambaye ni Mwislamu na hajawahi kunisumbua kwa jambo hili, aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, hayo unayoyasema unayaelewa?" Nilikosa jibu. Nishike lugha ipi? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Dada yangu, nianze na shangazi yako, kwa kuwa swali lake limetoka kwa mtu anayeijua hali hiyo kwa ndani. Yeye mwenyewe husali kwa Kiarabu, na huenda kwenye rafu yake ipo tafsiri ya Kurani ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyochapishwa kamili mwaka 1969, ambayo huisoma ili aelewe lakini hasalii kwayo. Jirani yenu Mkatoliki mwenye umri mkubwa atakusimulia Misa ya Kilatini, kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikano haujaruhusu, mwaka 1963, lugha za wenyeji zitumike zaidi katika ibada. Mji huu, kwa hiyo, umeishi na njia zote mbili, na hakuna atakayekushangaa ukichagua yoyote. Lakini Wabuddha wana hoja zao wenyewe juu ya jambo hili, na ni za zamani sana.

Katika Vinaya, yaani mkusanyo wa sheria za watawa, imesimuliwa habari ya watawa wawili ndugu, wenye asili ya Kibrahmini, yaani tabaka la makuhani wa India, na sauti nzuri, waliomwendea Buddha wakilalamika kwamba watawa wa koo na makabila mbalimbali wanayaharibu maneno yake kwa kuyasema kwa lugha zao. Walipendekeza yawekwe katika mtindo wa beti za Veda, maandiko matakatifu ya Wabrahmini, kwa lugha ya wasomi wa siku zile. Buddha aliwakemea, akaruhusu maneno yake yajifunzwe "kwa lugha ya mwenyewe". Hapo ndipo ubishi unapoanzia, kwa sababu Buddhaghosa, mfafanuzi mkuu aliyefanya kazi Sri Lanka katika karne ya 5, alisema "mwenyewe" huyo ni Buddha, na lugha inayokusudiwa ni Kimagadhi alichokisema, ilhali wasomi wengi wa leo wanaona kwamba ni mwanafunzi, kila mmoja na lugha yake. Mimi ninaegemea upande wa pili, kwa kuwa kisa chenyewe kinahusu watu waliotaka kuwafungia wengine mlango, nao wakakatazwa. Rafiki yako, hata hivyo, akijua au asijue, anaye mtetezi mkubwa.

Asichonacho ni hoja ya kwamba nguvu imo katika sauti yenyewe. Kipali hakina hata maandishi yake maalumu: maneno yalihifadhiwa kwa vinywa vya watawa vizazi kwa vizazi, yakaja kuandikwa Sri Lanka katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, na hadi leo Wasinhala, Wathai na Waburma huyaandika kila mtu kwa herufi zake na kuyatamka kwa ulimi wake. Neno "saranam", kimbilio, kwa Mburma huanza na sauti iliyo karibu na "th" ya "thelathini". Ikiwa baraka inategemea tamko moja sahihi, basi mataifa mazima yamekuwa yakiikosa kwa karne nyingi, na sidhani rafiki yako yuko tayari kusema hivyo.

Sasa nigeukie lililokusumbua zaidi, yaani lile tangazo la serikali ya mtaa. Kosa halikuwa la Kiswahili. Wewe ulitafsiri maana ukauacha mwendo. "Namo tassa bhagavato arahato sammasambuddhassa" ina pumzi yake, inapanda na kutua, na mwili wako umeizoea kwa mwaka mmoja na nusu. Ukiweka mahali pake "Heshima iwe kwake yeye Mtukufu, mstahiki, aliyeamka mwenyewe kikamilifu", umesema kweli tupu lakini hakuna anayeweza kuvuta pumzi nayo. Na sisi si watu wa kukosa dawa ya hilo. Lugha yenye mizani na vina vya karne kadhaa haipaswi kuingia hekaluni kwa nathari ya ofisini. Katika Metta Sutta, maneno ya upendo kwa viumbe wote, kuna ubeti unaomtaja mama anayemlinda mwanawe wa pekee kwa uhai wake. Nimejaribu kuuweka hivi, na wewe unaweza kufanya vizuri zaidi:

Kama mama kwa mwanawe, wa pekee amlinde,
hata yeye adhuriwe, uhai wake uende,
moyo wangu vivyo uwe, viumbe vyote upende.

Hayo ninayaghani mwenyewe, jioni, bila simu.

Hata hivyo utulivu nao tuuangalie kwa jicho kali kidogo. Vinaya hiyohiyo inataja hasara tano za kuyaimba mafundisho kwa sauti ya kuvutavuta kama ya wimbo, na ya kwanza kati ya hizo ni kwamba mwimbaji huipenda sauti yake mwenyewe. (Sisi tuliokulia kwenye taarabu tunajua vema jinsi sauti inavyoweza kumpeleka mtu mbali na maneno.) Huenda sehemu ya utulivu unaoupata alfajiri ni raha ya lahani tu. Si dhambi, lakini usiifanye kuwa mizani ya kuamulia lugha.

Ushauri wangu ni kwamba usichague lugha moja kwa maneno yote, bali uliulize kila fungu linafanya kazi gani. Kanuni tano ni ahadi. "Samadiyami" linalofunga kila kanuni maana yake ni "ninajitwalia", na usingetia saini mkataba wa pango ulioandikwa kwa lugha usiyoijua. Zisemee kwa Kiswahili. Ukitamka alfajiri "Ninashika kanuni ya kujiepusha na uongo", kisha saa nne mteja akakuomba punguzo nawe ukataka kumwapia kuwa hiyo ndiyo bei uliyonunulia, maneno yako yatakurudia pale pale mbele ya vitenge. "Musavada veramani" haikurudii, kwa sababu haijawahi kukaa mahali pamoja na bei.

Maneno ya heshima na ya kimbilio, kinyume chake, ningeyaacha katika Kipali, baada ya kujifunza neno moja moja. Sababu yangu si baraka bali ni watu. Siku ya mwezi mpevu, ukikaa katika hekalu la Upanga, lililoanzishwa na Wasinhala mwanzoni mwa karne iliyopita, "Buddham saranam gacchami" ndiyo sentensi ambayo bibi wa Kisinhala, mgeni wa Kithai na wewe wa Tabata mnaweza kuisema kwa pamoja bila mkalimani. Kujifunza kwake si kazi ya mwezi: "gacchami" ni "ninakwenda", na "-mi" ya mwisho ndiyo "ni-" yetu iliyohamia mkiani.

Jihadhari na herufi lakini. "Dh" ya "Buddha" na "dhamma" si ile ya "dhahabu". Ni "d" inayofuatwa na pumzi. "Th" vivyo hivyo ni "t" yenye pumzi. "C" ni "ch", na ikirudiwa, kama katika "gacchami", hushikwa kidogo kabla ya kuachiwa. Ile "m" ya mwisho wa "saranam" watawa wengi huitamka kama "ng'" ya "ng'ombe", sauti ambayo Mswahili anayo tayari, ila hajazoea kuiweka mwishoni mwa neno.

Jambo la mwisho ni maneno utakayotumia katika tafsiri yako. "Kimbilio" ni neno zuri, lakini aliyelelewa kanisani atasikia ndani yake Zaburi ya 46, na Buddha si Mungu anayeokoa bali ni mwalimu anayeonyesha njia. Mimi ninalitumia, nikijua mwangwi wake. "Mola" na "Mwenyezi" ningeyaepuka kabisa. "Uradi" lingefaa sana kwa tendo lenyewe la kukariri, ila lina wenyewe. Ndiyo maana ninasema "kughani". Shangazi yako mjibu kwa kumsomea ule ubeti wa mama na mwana, umwombe akusahihishie Kiswahili.

SWALI: Binamu yangu wa Kinondoni anafuata mafundisho ya Nichiren, mtawa wa Kibuddha wa Japani, na hukariri "Nam-myoho-renge-kyo". Je, naye anaweza kutafsiri? (Msomaji, Ubungo)

JIBU: Hapo hali ni tofauti. Nichiren alianza kufundisha ukariri huo Japani mwaka 1253, na maneno yenyewe ni jina la Sutra (andiko takatifu) ya Lotasi kwa matamshi ya Kijapani ya herufi za Kichina, likitanguliwa na "nam", neno la Kisanskriti la kuonyesha heshima. Katika mapokeo yake jina hilo limebeba sutra nzima, nalo hukaririwa vilevile lilivyo Brazili, Italia au hapa. Anaweza kuelezwa maana yake kwa Kiswahili na kuzungumza juu yake kwa Kiswahili usiku kucha. Ukariri wenyewe auache ulivyo. Kama anahofia wapangaji wenzake ukuta wa pili, apunguze sauti.