Mnemba Mkono wa Kulia

Wiki mbili zilizopita nilipokea ujumbe wa kijana wa Wete ambaye ndiyo kwanza amepata leseni ya rubani binafsi. "Ami, shikamoo," aliandika, "nimebakiwa na fedha kidogo baada ya kumaliza ada ya mafunzo, na nataka ninunue GPS ya mkononi. Nichukue yenye kioo kikubwa au niridhike na ndogo?" Nilimwitikia marahaba, nikamwomba anipe muda, kwa sababu jibu langu halikuweza kukaa katika mistari miwili ya simu. Najua pia kwamba si yeye pekee anayeuliza, maana kila aliyeshika leseni hapa visiwani ana siku anayoiota, ya kuruka mwenyewe kutoka Unguja hadi Pemba huku mkewe na watoto wamekaa kiti cha nyuma.

Nitaanza na jambo ambalo kwa miaka mingi nilikuwa nikilisikia likisimuliwa na wengine, na kila mara likisimuliwa vibaya. Mafunzo yangu ya Dar es Salaam siyaelezi, kwani hayana tofauti na ya mtu mwingine. Nilipomaliza, na baada ya kuingia ubia na wenzangu wawili katika Cessna 172 iliyokwishapitia mikono mingi, niliona kwamba kilichobaki ili niwe rubani kamili ni kifaa cha kisasa cha GPS. Binamu yangu aliyekuwa akirudi kutoka Marekani akaniletea kimoja kilichotumika, kwa bei ambayo mama watoto hajaambiwa hadi leo. Kilikuwa na kioo cha rangi, kilionesha mawingu ya mvua, na kilipiga kelele ndege ilipokaribia mlima, ingawa Unguja haina mlima wa kumtisha hata kunguru.

Nilikaa nacho barazani usiku mzima. Kitufe cha mvua hakikuleta kitu, nami nikadhani ni kwa sababu niko chini ya paa. Baadaye sana nikaelewa kwamba taarifa zile za mvua zilikuwa zikirushwa na redio ya setelaiti ya kulipia, inayohudumia Amerika Kaskazini tu, kwa hiyo hata ningepanda juu ya mnara wa Beit el Ajaib, nisingeiona mvua ya Makunduchi. Jambo la pili lilikuwa baya zaidi. Orodha ya viwanja vya ndege iliyomo ndani ilikuwa ya bara la Amerika. Nilipoandika HTPE, ambayo ndiyo alama ya uwanja wa Pemba, kifaa kilijibu kwamba hakiujui. Pemba yenyewe ilikuwapo katika ramani ya jumla, lakini imechorwa kama kipande cha muhogo, bila ghuba wala visiwa vidogo.

Mtu mwenye busara angekirudisha. Mimi niliona ni fursa ya kuonesha ujuzi, nikachukua ramani ya karatasi na kusoma mahali uwanja ulipo: kusini nyuzi 5 dakika 15, mashariki nyuzi 39 dakika 49. Kisha nikaandika kwenye kifaa 5.15 na 39.49, nikabonyeza kitufe cha kuhifadhi, nikalala kwa furaha.

Aliyezoea kazi hii ameshaliona kosa. Kifaa kilikuwa kimepangwa kusoma sehemu za desimali za nyuzi, na wala si dakika. Kwa kuwa nyuzi moja ina dakika 60, dakika 49 zilipaswa kuandikwa .82, na dakika 15 zilipaswa kuwa .25. Nilichokihifadhi kwa jina la Pemba kilikuwa nukta katikati ya mkondo kati ya Pemba na Tanga, takriban maili 20 za baharini magharibi ya uwanja. Balaa lake ni kwamba umbali haukunizindua. Kutoka uwanja wa Unguja hadi uwanja wa Pemba ni kama maili 68 za baharini, na hadi kwenye nukta yangu ya majini ni kama 66. Mwelekeo ndio uliokuwa umepotoka, kwani badala ya nyuzi kama 31 kutoka kaskazini kifaa kilinipa 14, lakini asubuhi ile sikuwa nimechora mstari wowote kwenye karatasi wa kulinganisha nao. Kwa nini nichore, na mimi nina kifaa?

Ulikuwa mwezi wa Februari, kaskazi, na hewa ilikuwa na utusitusi wa joto unaoufanya upeo wa macho ufanane na bahari. Niliruka peke yangu, nikapanda hadi futi 3,500, nikauegemeza moyo wangu kwenye ule mstari wa rangi ya zambarau unaoonesha njia kiooni. Dakika chache baadaye kisiwa cha Mnemba kikatokea, kimezungukwa na ule mwamba wake mkubwa wenye maji ya rangi ya feruzi, nacho kikanipita mkono wa kulia.

Hapo ndipo ninapotaka kijana wa Wete asimame na kusoma polepole. Anayekwenda uwanja wa Pemba moja kwa moja kutoka uwanja wa Unguja, ulioko Kiembesamaki, hutoka nchi kavu upande wa Kiwengwa, na Mnemba humpita mkono wa kushoto. Mimi ni mtoto wa Matemwe. Nimekitazama kisiwa kile tokea sijaanza skuli, na babu yangu mzaa mama, aliyekuwa nahodha wa jahazi, alikuwa akinifundisha kwa kidole kipi ni kipi kutoka ufukweni. Nilikiona kiko upande usio wake, nikajiambia kimoyomoyo kwamba kuna jambo, kisha nikatazama kioo, kioo kikaniambia kwamba niko sawasawa juu ya mstari, nami nikakiamini kioo nikayakana macho yangu.

Zilipobaki dakika sita chini yangu kulikuwa na maji tu, ya buluu iliyokoza, bila mnazi wala mkarafuu. Kwa bahati nikaona upande wa kulia, mbali kidogo, kisiwa kimoja kidogo chenye mkanda wa mchanga mweupe. Nilikitambua kuwa Misali, kisiwa kilichoko magharibi ya Pemba, kwa sababu tulipata kwenda huko kuvua tulipokuwa vijana. Nikaigeuza ndege, nikakiendea, na kutoka hapo nikaelekea mashariki, maili kama 12, hadi nikauona uwanja. Waongozaji wa mnara, waliokuwa wakinisubiri nitokee kusini, waliponiuliza nilipo nikawajibu kwamba niko juu ya Misali, na kimya kilichofuata redioni nakisikia hadi leo. Mafuta yalikuwa tele na ndege ilitua salama. Hata hivyo, habari ilifika Unguja kabla yangu, na mwalimu mmoja wa urubani, ambaye simtaji, akanipachika jina la Nahodha wa Misali, jina ambalo baadhi ya watu waliniitia hata mbele ya wanangu. Sikulipenda wakati ule, wala leo silipendi.

Sasa tuje kwenye ushauri. Kosa halikuwa la setelaiti. Zile ziko takriban kilomita 20,200 juu yetu, zilikuwa zikifanya kazi yake, na kifaa kilijua nilipo kwa tofauti ya mita chache. Hakikujua ninakotaka kwenda, kwa sababu hakikuwa na habari za nchi yangu. Kwa hiyo, mwanangu, swali la kwanza dukani lihusu ramani na orodha ya viwanja iliyomo ndani: ni ya eneo gani la dunia, inaihusu Tanzania, na inasasishwa kwa bei gani. Watengenezaji huziuza takwimu hizo kwa maeneo, na habari rasmi za anga hubadilishwa kwa mzunguko wa siku 28, hivyo kifaa usichomudu kukisasisha ni cha jana siku zote. Kabla hujalipa, andika HTPE mbele ya muuzaji. Kisipoujua uwanja wa Pemba, mrudishie.

Kioo kije baada ya hapo, na ukubwa wake si hoja kama kusomeka kwake juani. Kitoe nje ya duka saa sita mchana ukitazame, na ukitazame tena ukiwa umevaa miwani yako ya jua, maana baadhi ya miwani hukifanya kioo kionekane cheusi ukikigeuza kidogo. Anayefikiria kutumia tableti ajue kwamba iPad isiyo na sehemu ya laini ya simu haina kipokezi cha GPS ndani yake, na itahitaji kipokezi cha pembeni. Ajue pia kwamba kampuni ya Apple yenyewe imeweka nyuzi joto 35 kuwa kikomo cha hewa ya kuitumia, na nyuma ya kioo cha Cessna iliyoegeshwa juani mwezi wa Februari kikomo hicho hupitwa kabla hujawasha injini. Yangu ilizimika mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa wakati nilipoihitaji. Kishikio chenye sumaku kikae mbali na dira.

Vya mitumba sivikatazi, ila uulize kama mtengenezaji bado anavitolea takwimu mpya. Tena uangalie tarehe inayoonekana kwenye kioo, kwa sababu hesabu ya wiki ambayo GPS huitumia kujua tarehe ilirudi sifuri mwezi wa Aprili 2019, na baadhi ya vipokezi vya zamani vilibaki vikisoma mwaka usio wake. Na nirudie, hata kama nitachosha: ramani ya kwetu kwanza. Vijana mnapenda sana kuulizana kuhusu inchi za kioo, na hakuna anayemuuliza mwenzake alivyoupanga mfumo wa nyuzi na dakika. Upangeni uendane na ramani ya karatasi mnayoisoma, chora mstari wako kwa penseli, na ukikuta mwelekeo wa kifaa na wa penseli haukubaliani, usiwashe injini.

Mwezi uliopita nilikwenda Pemba tena, na kiti cha kulia alikaa yule mwalimu aliyenipa jina, kwa kuwa muda wangu wa kupimwa ulikuwa umefika. Kifaa ninachotumia sasa ni kidogo, kina viwanja vyote vya kwetu, nami nilikibana juu ya usukani, karatasi ikiwa pajani. Tulipotoka Kiwengwa nikanyoosha kidole kushoto, nikasema, "Mnemba." Akaitazama, akaitikia kwa kichwa, akaandika kitu katika daftari lake.