Maswali ya Wasomaji: Mac ni Bin, Lakini Bin Nani?

SWALI: Mhariri, salamu kutoka Raleigh, North Carolina. Mimi ni mzaliwa wa Nyeri, nimeolewa na Mmarekani wa ukoo wa McLean. Binti yangu wa pili, Wambui, amepewa jina la mama yangu, na kwa upande wangu anawataja wazee wake hadi kizazi cha tano bila kusita. Kwa upande wa baba yake tunakwama kwa babu wa babu, aliyekuwa mkulima katika kaunti ya Robeson. Wazee husimulia kwamba walifukuzwa Uskoti baada ya vita vya Culloden wakaja huku pamoja na Flora MacDonald, na mama mkwe ametundika sebuleni nembo ya ukoo aliyoinunua dukani. Tuanzie wapi ili tujue kijiji walikotoka?
Mama Wambui

JIBU: Mama Wambui, anzeni hapo hapo mlipokwama, wala msivuke bahari bado. Wengi wanaotafuta nasaba ya Kiskoti hukimbilia Uskoti wakiwa na jina la ukoo peke yake mkononi, wakamkuta McLean wa kwanza aliyezaliwa mwaka unaokaribiana, wakamfanya babu. Jina hilo limejaa katika visiwa vya Mull na Tiree na bara iliyo jirani, na zaidi ya hayo, watu wa chini katika nchi ile mara nyingi walichukua jina la mwenye ardhi waliyoilima au la mkuu aliyewalinda. Mac ni mwana wa, sawa na bin. Lakini mtu kuitwa McLean hakuthibitishi kwamba damu yake ni ya wakuu wa McLean. Ndiyo maana nembo ya sebuleni haitawasaidia. Kwa sheria ya Uskoti nembo ni mali ya mtu mmoja aliyepewa kupitia ofisi ya Lord Lyon, msimamizi wa nembo za Uskoti, si ya kila mwenye jina lile. Iacheni ukutani, inapendeza.

Simulizi ya wazee isitupwe, ila ipimwe kwa miaka. Culloden, vita ambamo jeshi la serikali liliwashinda wafuasi wa Charles Edward Stuart, aliyedai kiti cha ufalme, ilipiganwa Aprili 1746. Flora MacDonald, aliyemsaidia Stuart huyo kutoroka mwaka huo, alihamia North Carolina mwaka 1774, yaani miaka 28 baadaye. Mumewe alitekwa baada ya mapigano ya Moore's Creek Bridge huko North Carolina, Februari 1776, katika vita vya uhuru wa Marekani, na Flora akarudi Uskoti mwaka 1779. Tena kundi kubwa la kwanza la Waskoti wa milimani, watu wapatao 350 kutoka Argyll, eneo la magharibi mwa Uskoti, lilifika bonde la mto Cape Fear huko North Carolina mwaka 1739, miaka saba kabla ya vita hivyo, nalo likasamehewa kodi kwa miaka kumi chini ya gavana Gabriel Johnston, ambaye naye alikuwa Mskoti. Kwa hiyo haiwezekani mtu mmoja awe amefukuzwa kwa ajili ya Culloden na papo hapo awe amesafiri na Flora, isipokuwa kama alingoja karibu miaka thelathini.

Waliohama wengi hawakufukuzwa kwa upanga. Kati ya mwaka 1773 na 1776 serikali ya Uingereza iliwaagiza maofisa wa forodha waandike majina ya wanaohama, umri, kazi, walikotoka na sababu. Abiria wa meli iliyoitwa Bachelor, iliyokuwa ikielekea bandari ya Wilmington, North Carolina, mwaka 1774, waliulizwa maswali hayo, na majibu yao yanasomeka hadi leo: kodi ya shamba imepandishwa, bei ya ng'ombe imeanguka, mkate hauguswi kwa ughali. Ni malalamiko ambayo mkulima yeyote wa Nyeri angeyaelewa bila mkalimani.

Sasa kazi yenyewe. Mkulima wenu wa Robeson, ikiwa alifariki mwaka 1913 au baadaye, huenda ana cheti cha kifo chenye majina ya baba na mama yake, kwa sababu mwaka huo ndipo jimbo lilipoanza kuandikisha vifo kote. Kutoka hapo rudini nyuma kwa sensa. Ile ya 1880 inaonyesha kila mtu ana uhusiano gani na mkuu wa kaya, na wazazi wake walizaliwa wapi; ya 1890 sahaulini, kwani iliharibiwa kwa moto wa mwaka 1921. Sensa ya 1850 ndiyo ya kwanza kuwataja kwa majina watu wote walio huru. Zilizotangulia, kuanzia 1790, zinamtaja mkuu wa kaya tu na kuwahesabu waliobaki, kwa hiyo baba mtamwona lakini watoto watakuwa tarakimu.

Hapo ndipo wosia na hati za ardhi zinapochukua nafasi ya sensa, na hapo pia ndipo watafutaji wengi hupotea kwa jambo dogo: kaunti ya Robeson ilikatwa kutoka Bladen mwaka 1787. Karatasi za familia za kabla ya mwaka huo zitafuteni kwa jina la Bladen. Familia haikuhama, mpaka ndio uliohama. Someni pia majina kwa sikio badala ya jicho, maana karani aliyezoea Kiingereza alimwandika msemaji wa Kigaeli, lugha ya Waskoti wa milimani, kama alivyomsikia, leo McLean, kesho McLain, keshokutwa McClain, na huyo ni mtu mmoja. Yatembeleeni makaburi ya makanisa ya kale ya Kipresbiteri katika eneo hilo, ambako mawe mengine yanataja mahali marehemu alikozaliwa Uskoti. Mstari mmoja kama huo una thamani kuliko nembo kumi.

Kuna kidokezo ambacho wewe, Mama Wambui, utakielewa upesi kuliko mumeo. Waskoti wengi walifuata utaratibu wa kurithisha majina: mwana wa kwanza aliitwa kwa babu mzaa baba, wa pili kwa babu mzaa mama. Kwa Wakikuyu ni hivyo hivyo. Tofauti iko kwa mabinti, kwa kuwa wao mara nyingi walianza na bibi mzaa mama, nanyi mnaanza na mzaa baba. Yapangeni majina ya watoto wa kila kizazi kwa mfuatano wa kuzaliwa, muone ni babu gani anayejitokeza. Si ushahidi, lakini huonyesha pa kuchimba.

Mkishapata jina la parokia au kisiwa, hapo ndipo mvuke bahari. Idara ya Nyaraka za Taifa ya Uskoti ina tovuti ya ScotlandsPeople, yenye madaftari ya ubatizo na ndoa ya Kanisa la Uskoti. Uandikishaji wa serikali ulianza mwaka 1855, umechelewa mno kwenu, na madaftari ya parokia nyingi za milimani na visiwani yalianza mwishoni mwa karne ya 18 au baada yake. Aliyezaliwa mwaka 1735 anaweza asiwemo kabisa. Ikiwa mtaelekezwa Mull au Tiree, tafuteni hesabu ya watu ya mwaka 1779, ambayo Mtawala (Duke) wa Argyll aliagiza ifanywe katika mashamba yake, shamba kwa shamba, kwa majina. Babu yenu hatakuwemo kama alikwisha kuondoka, ila ndugu zake waliobaki wanaweza kuwemo.

SWALI: Ninasoma Fayetteville, mji wa North Carolina. Wenzangu weusi kadhaa hapa wanaitwa McNeill au McLean. Je, nao wafuate njia hiyo hiyo?
Mwanafunzi kutoka Tanga

JIBU: Ni ile ile mpaka mwaka 1870, sensa ya kwanza kuwataja kwa majina watu waliotoka utumwani. Kabla yake, katika orodha za watumwa za 1850 na 1860, ukurasa una jina la mmiliki, na chini yake mistari: umri, jinsia, rangi. Mwanamke, 34. Mtoto wa kiume, 6. Jina hakuna. Sheria ya North Carolina ya mwaka 1866 iliwataka waliokuwa watumwa waandikishe ndoa zao, na madaftari hayo yanasaidia sana. Lakini kuvuka nyuma ya hapo hutegemea wosia na orodha za mali za wamiliki, maana huko watumwa walitajwa kwa majina wakigawiwa warithi pamoja na ng'ombe na vitanda.

Kwa sababu hiyo ninamwomba Mama Wambui jambo moja. Atakapofungua wosia wa McLean wa zamani, asiruke mistari hiyo akimtafuta babu wa mumewe. Ayanakili majina yote, na mwaka, na jina la mrithi aliyewachukua, ayaweke mahali ambapo wengine watayaona. Huenda mwenzako wa darasani anayatafuta.